Mfuko Chini ya Kanzu

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumamosi, katika ua wa watu wa Kisugu niliokuwa nikiwaona kwa mara ya kwanza, mwanamke mmoja alinishika goti mbele ya wageni wote akapiga ukelele, na aibu iliyofuata sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo, ndiyo maana naisimulia mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi.

Wiki ile nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa miale ya leza. Tezi ilikuwa imevimba kiasi kwamba nilisimama chooni kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Niliusoma ugonjwa ule kwa utaratibu, nikauchorea hata mchoro, nikakubali leza kwa kuwa tumbo halipasuliwi. Kazi ilikwenda vizuri, ila walipotoa mpira wa kupitishia mkojo kibofu kikagoma, wakaurudisha, na daktari akaniambia nikae nao siku chache, ninywe maji mengi, na nisishtuke mkojo ukiwa na rangi ya damu, hasa nikitembeatembea. Mpira wenyewe unaishia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa mguuni kwa mikanda miwili.

Sasa Jumamosi hiyohiyo ndiyo Otieno, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa akienda kutambulishwa kwao Namuli, mchumba wake (Waganda wanaiita kwanjula, na bila hiyo hupewi mke), na mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba yake. Baba yake Namuli ni mlokole asiyetaka hata harufu ya pombe. Alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba Wakenya anawajua, ni walevi na wana siri, na chupa moja tu ikionekana uani kwake tutarudi kwetu Kansanga na vikapu vyetu vya zawadi.

Ningesema ukweli, ndugu zangu wangenitafutia kiti karibu na choo, basi. Lakini niliona haya kutangaza habari za sehemu zile. Mke wangu tu ndiye aliyejua. Wengine niliwaambia nilikuwa Jinja nikifuata spea (nauza spea za pikipiki). Asubuhi ya safari suruali ikawa inaubana mfuko, nami nikajiuliza: kanzu inafika kifundoni, nani atamchungulia mzee chini ya kanzu? Suruali nikaiacha kitandani.

"Baba Achieng," mke wangu akasema, "na upepo ukivuma?"

"Nitavaa koti juu," nikamjibu, jibu ambalo hata leo sielewi lilimaanisha nini.

Tulipoketi hemani nikanywa maji kama nilivyoagizwa, nikanywa soda, nikanywa na sharubati, kwa sababu kukataa kinywaji cha wakwe ni tusi, na kutoka nje wakati wasemaji wa pande mbili wanajibizana ni faini. Mfuko ukajaa. Ukawa mzito na wa moto, kama mtoto mchanga amelala kwenye goti langu, na mkanda wa juu ukaanza kulegea.

Ndipo akaingia ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, kumtafuta bwana harusi. Desturi yao ni kwamba kijana hujificha katikati ya wanaume wa upande wake, wote kanzu na koti, na ssenga hupita akijifanya hamjui, anamtania huyu, anamgusa yule, hadi ampate. Huyu alikuwa mwanamke mcheshi mwenye mikono ya nguvu. Akampita Otieno, niliyekaa naye bega kwa bega, akaniinamia mimi.

"Ni huyu mzee ndiyo nakuja kuoa mtoto yetu?" Watu wakacheka. Akanishika goti, akaukuta uvuguvugu, akapiga ukelele na kunivuta nisimame. Nikasimama. Mikanda yote miwili ikaachia, nikahisi kuvutwa mahali ambapo mwanamume hapaswi kuvutwa, na mfuko ukachungulia chini ya pindo la kanzu, umejaa, mwekundu kama mvinyo.

"Bannange! Nakuja na waini! Nafunga kwa mguu! Na suruali hapana vaa!"

Baba yake Namuli akanyanyuka na kipaza sauti mkononi. "Si mimi nilisema? Wakenya! Beba vikapu yenu mwende."

Otieno akaninong'oneza, jasho linamtoka, "Ba'mdogo, toa hiyo kitu, nitakosa mke!" Kwenye mkeka mbele yetu Namuli alikuwa ameinama analia. Nikaomba kipaza sauti.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "hii si waini. Ni mkojo wangu."

"Nani nakuja kwanjula na mkojo ya kwake?" mtu akauliza nyuma.

Nikaeleza kwa mpangilio: tezi dume iko wapi, leza inafanya nini, mpira unapita wapi, damu inatoka kwa nini. Nadhani nilieleza kupita kiasi, kwani msemaji wetu alinivuta koti nilipofika kwenye kibofu. Baba yake Namuli akakichukua kipaza sauti chake, akasahau kukizima, akanisogelea.

"Na wewe ulikuwa naamka usiku sana?"

"Sana."

"Inatoka kidogo kidogo?"

"Tone kwa tone."

"Hiyo leza... nauma?"

Kutoka hema la wanawake mkewe akapaza sauti, "Taata Namuli, uliza hospitali iko wapi! Mimi nachoka kuamka na wewe!"

Hema likapasuka kwa kicheko. Mzee mwenyewe alinishika kiwiko akanipeleka chooni, na wazee wengine wa upande wake wakatufuata, wakawa wananiuliza maswali mlangoni wakati mimi namwaga. Tuliporudi, Otieno alionyeshwa na ssenga, akapokewa bila neno. Msemaji wao tu ndiye hakusamehe: kuvaa kanzu bila suruali, shilingi elfu ishirini, kumtisha ssenga, elfu thelathini.

Nimeapa sitaficha tena ugonjwa kwa kuona haya. Siku hizi hata nikiwa na mafua nawatangazia watu kabla sijaketi. Siku ile ilinigharimu shilingi elfu hamsini, na risiti hawatoi.