Mstari Mwekundu Juu ya Jina la Kelderby

Siku yangu ya kwanza katika biro ya teritwari, yaani ofisi ya wilaya, pale Goma, nilipewa kalamu ya wino, kitambaa cha kupangusia vidole na onyo moja. Aliyenipa vyote vitatu alikuwa karani mkuu, Papa Mukendi, mtu wa Kasai, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa kijana kutoka Lubero, nimetoka shule ya mapadri na Kifaransa kingi kichwani, lakini kazi sikuijua hata moja.

"Kambale," aliniambia, "hapa hatuandike watu. Tunaandika majina. Mutu anaweza kukimbia, anaweza kufa. Jina linabakia. Ukiliharibu, umewaharibia mpaka wajukuu."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Ninyi mnaofanya kazi leo mnabonyeza vidude na jina linatokea. Sisi tulikuwa na fishi, yaani kadi nene ya kila mtu, zilizopangwa kwa alfabeti katika droo za mbao. Nyuma ya fishi kulikuwa na vitabu vikubwa vya kuandikia akte, yaani hati za kuzaliwa, ndoa na vifo. Vitabu hivyo vilikuwa viwili: kimoja cha Wazungu, kingine cha wenyeji. Mpaka kati ya vitabu hivyo ulikuwa mgumu kuliko ule wa Gisenyi, wa kuingia Rwanda. Kwenda Gisenyi watu walivuka kila siku na vikapu vya maharagwe. Kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, sikuona mtu akivuka kwa hiari yake.

Papa Mukendi alinifundisha kusikiliza jina kwanza, kuliandika kwa penseli, kumsomea mwenyewe, na kuweka wino baada ya yeye kukubali. Kosa halikufutwa kwa raba wala kukwanguliwa kwa wembe. Ulipiga mstari mwekundu kwa rula, mwembamba, ili neno la zamani liendelee kusomeka. Kisha pembeni uliandika sababu, ukaweka sahihi yako na muhuri wa biro. Kwa njia hiyo, alisema, hata kosa lina mwenyewe.

Mwaka wa pili nilitumwa Rutshuru kuhesabu watu kilima kwa kilima, chini ya ajenti mmoja, ofisa wa Kibelgiji aliyependa kuamka mapema na kupiga kelele. Niliporudi, unyevu wa ziwa ulikuwa umekula kitabu cha Wazungu, nikaambiwa nikinakili upya. Ndipo nilipokutana na jina ambalo sikuwahi kuliona: Kelderby. Katika droo nzima ya herufi K lilikuwa peke yake, na aliyeandikwa kwa jina hilo alikuwa mtoto wa kike, Esteri, aliyezaliwa na mama wa Kibati, Nyiransaba.

Nilimuuliza Papa Mukendi.

"Huyo alikuwa Mwingereza," alisema. "Alipitia njia ya Uganda. Alikuwa anatengeneza mashini za mitumbwi ya moto kule Keshero. Mutoto alipozaliwa, alimuleta hapa yeye mwenyewe, amemubeba kwa kitenge. Administrata wa wakati ule, mukubwa wa teritwari, alimwambia, 'Huyu ataandikwa kwa kitabu cha mama yake.' Mwingereza akakaa kwa kiti. Akasema hatatoka mpaka jina lake liandikwe. Alikaa mpaka saa ya kufunga."

"Wakaandika?"

"Miye ndiye niliandika."

Mwingereza huyo alikufa kwa homa mtoto akiwa bado mdogo. Nyiransaba akarudi naye Kibati kwa kaka zake, na watu wa huko wakawa wanamwita binti Esteri wa Kelidebi, kwa jinsi ulimi wao ulivyolipata jina hilo. Nilishangaa mtu kukaa kwenye kiti siku nzima kwa ajili ya jina. Kwetu Wanande, jina linasema ulizaliwa wa ngapi. Mimi ni Kambale kwa sababu ni mtoto wa kiume wa pili, na ukiita Kambale kule Butembo sokoni, wanageuka thelathini. Na kwa watu wa kina Nyiransaba kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halitoki kwa baba. Jina la kurithiwa kama shamba lilikuwa jambo geni kwangu.

Papa Mukendi alistaafu akarudi Kasai. Alikuja msaidizi mpya wa administrata, Mbelgiji kijana, msafi, mwenye kupenda utaratibu. Alikagua nakala yangu ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikasimama juu ya Kelderby.

"Hii ni nini?"

"Ni akte ya binti wa Kibati, Bwana. Baba yake alitia sahihi."

"Mashahidi ni wawili kwa sheria. Hapa iko mumoja tu. Akte haina nguvu. Piga mustari. Umwandike kwa kitabu cha wenyeji, kwa jina la mama. Baba: hajulikani."

"Bwana, baba anajulikana. Sahihi yake ni hii."

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kambale, jina lako liko kwa orodha ya makarani wa daraja la kwanza. Unataka libakie pale?"

Nilichukua rula. Mstari ulikuwa mwembamba na umenyooka. Pembeni niliandika "imefutwa", nikatia sahihi na muhuri. Mkono wangu haukutetemeka. Ninalisema hili kwa sababu miaka ya baadaye nilijaribu kukumbuka kwamba ulitetemeka.

Esteri alikuja miezi michache baada ya hapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri, na barua ya masista mkononi. Alikuwa amekubaliwa katika shule ya wakunga huko Bukavu, akatakiwa kuleta kitabu cha utambulisho. Kilikuwa tayari. Nilimpa. Alikisoma akiwa amesimama.

"Karani, hapa umekosea. Hili jina ni la mama."

"Ndilo lililoko kwa kitabu."

"Na hapa umeandika baba hajulikani." Alisema taratibu, kama anayemsaidia mtu asiyejua kusoma. "Baba yangu amezikwa Keshero. Kaburi liko na jina. Niko naomba uandike lile jina."

"Jina hilo haliko."

"Haliko wapi? Kwa kaburi liko. Kwa kinywa cha watu wa Kibati liko. Haliko wapi, karani?"

Niliinamia fishi zangu. Watu kwenye benchi walikuwa wanatusikiliza. Aliweka kitabu kile juu ya meza yangu, akakisukuma mpaka kikagusa vidole vyangu. "Sitaenda Bukavu kuwaambia watu kwamba mama yangu alizaa na mutu asiyejulikana." Akatoka. Masomo yalianza Bukavu bila yeye. Mwaka uliofuata alirudi kuchukua kitabu, kwa kuwa siku zile usingeweza kutembea bila kuwa nacho. Alinyoosha mkono tu.

Barua ya Uingereza ilikuja baada ya hapo. Iliandikwa kwa Kiingereza, na daktari mmoja wa misioni aliigeuza Kifaransa. Msaidizi aliniletea ili niijibu. Nimesoma barua nyingi za serikali maishani mwangu, na sikumbuki nyingine yoyote vizuri kama hiyo.

Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu, naye aliitwa Kelderby. Alieleza kwamba maisha yake yote alikuwa akilifuata jina lake kurudi nyuma. Lilianza kama mahali. Watu wa kaskazini waliofika kwa mashua zamani sana waliita chemchemi kelda, na kijiji waliita by. Kijiji cha chemchemi. Kijiji chenyewe hakikuwepo tena. Mabwana wa ardhi waliligeuza eneo lote kuwa malisho ya kondoo, watu wakatawanyika, yakabaki maji na mawe machache ya msingi wa kanisa. Alisema jina lilizaliwa siku watu walipoondoka. Wangebaki, wasingeitwa hivyo. Hilo nililielewa haraka: Kibati hakuna anayeitwa mutu wa Kibati, anaitwa hivyo akifika Goma.

Halafu alieleza lilikoenda. Mwanzo lilikuwa katika parokia tatu tu, zote kando ya mto mmoja. Wenye jina walikuwa wafumaji wa sufu. Viwanda vilipokuja, baadhi walishuka kwenye miji, wengine bandarini. Makarani wa kanisa waliliandika wanavyotaka, Kilderby, Keldaby, Kelderbie, na matawi mengine yakapotea ndani ya makosa hayo. Vita vilichukua vijana. Mabinti waliolewa wakachukua majina ya waume. Wamebaki yeye, dada yake na wazee wachache. Alikuwa amechora ramani na kuweka nukta palipo na mwenye jina. Afrika ilikuwa na nukta moja, na kando yake alama ya kuuliza: binamu yake fundi wa mashini, aliyesikika mara ya mwisho kando ya Ziwa Kivu. Aliuliza jambo moja tu. Je, aliacha mtoto?

Nilimrudishia msaidizi barua ile. "Bwana, tunajibu nini?"

"Kitabu kinasema nini?"

"Kinasema hakuna."

"Basi, jibu hakuna."

Niliandika kwa mashini ya kuchapia mistari minne: aliyetajwa alifariki katika teritwari hii, na kwa mujibu wa vitabu vya biro hakuacha uzao. Ilikuwa kweli kwa mujibu wa vitabu. Vitabu hivyo nilikuwa nimeviandika mimi. Lakini anwani ya mwalimu niliinakili kwenye karatasi, nikaiweka nyumbani ndani ya Biblia, na kwa karibu miaka miwili sikufanya nayo lolote.

Kilichonisukuma ni kuzaliwa kwa mwanangu wa kwanza. Nilisimama upande ule mwingine wa meza, na karani mwenzangu, kwa mazoea tu, akauliza, "Jina la baba?" Nililitaja jina langu, nikakumbuka lile nililolipiga mstari. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mtaa wa Birere, ambako Esteri alikuwa ameolewa na fundi cherehani na yeye mwenyewe alikuwa akishona nguo za wanawake. Nilimweleza yote, mstari, barua, jibu langu. Mguu wake ulisimama juu ya pedali ya cherehani.

"Kwa hiyo kulikuwa na mutu anaulizia miye," alisema.

"Ndiyo."

"Na weye ukamwambia siko."

"Ndiyo, mama."

Kisha akauliza, "Lile jina maana yake nini? Baba alikufa nikiwa bado mutoto, sijajua kuuliza."

Nikamwambia habari za chemchemi, kijiji, kondoo, wafumaji. Aliposikia wafumaji aliangalia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano yake. Tukaandika barua pamoja kwa Kifaransa.

Aliyejibu alikuwa dada wa yule mwalimu. Kaka yake alikuwa amefariki wakati wa baridi, baada ya kumaliza kitabu chake cha jina. Alitutumia ukurasa mmoja. Chini kabisa, baada ya parokia, miji na bandari, kulikuwa na mstari wa Goma, Kongo: amekufa, hakuna uzao, kwa barua ya serikali. Bibi huyo aliandika kwa upole. Alisema yeye ni mzee, watu wa mbali humwandikia mengi, na kama kweli Esteri ni binti wa binamu yao, angefurahi kuliko anavyoweza kueleza. Aliomba kitu kimoja: nakala ya akte ya kuzaliwa yenye muhuri wa biro.

Nilikwenda kwa msaidizi. Aliniambia akte iliyofutwa haitolewi nakala. Nilimpelekea Esteri jibu hilo huko Birere, nikasema, "Nimejaribu, mama. Hakuna njia."

"Wacha," alisema. "Nilizaliwa na lile jina, sitaliomba mara ya tatu." Aliukunja ule ukurasa akauweka ndani ya boksi la vifungo. Hatukumwandikia tena yule bibi. Bila shaka naye alikufa akidhani kwamba tulikuwa waongo.

Baada ya uhuru nilihamishwa Masisi, kisha Beni, kisha nikarudi Goma kama mkuu wa biro ileile. Siku ya kustaafu walinipa cheti na saa ya ukutani, na mkubwa wangu alisema mbele ya watu kwamba katika kazi yangu yote hakuna hata ukurasa mmoja wenye doa. Watu walipiga makofi. Esteri alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake wanalo jina la baba yao, jina zuri, na watu wenye jina hilo ni wengi.

Vijana makarani hunitembelea wakati mwingine kuniuliza habari za zamani. Huwaambia kwamba tulikuwa tunaogopa, na ni kweli. Ila siku niliyomwambia Esteri kwamba hakuna njia, msaidizi alikuwa safarini Bukavu kwa juma zima. Kitabu chenye akte yake kilikuwa rafuni, hatua tatu kutoka kiti changu. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwangu nilipokuwa nimesimama mbele yake pale Birere.