Nyeusi Haitoki Kwenye Kopo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo huinamisha kichwa, ingawa wengi waliokuwapo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ni siku niliyopanda kwenda ukweni Machame, picha ya mchumba wangu nimeibeba begani, imefunikwa kwa shuka.

Nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, naishi Moshi mjini, nakula kwa brashi. Nilichora mabango ya maduka, ya vinyozi na ya hoteli za chakula. Mchumba wangu aliitwa Anaeli. Alikuwa mweusi tii, weusi ule ambao jua likiupiga unarudisha mwanga. Niliuona, niliupenda, na sikuuchora. Ubaoni nilimpaka rangi ya maji ya kunde, kisha nikaona haitoshi, nikaongeza nyeupe. Chini yake nikaandika mistari miwili ya kumsifu, kwamba ni mweupe kama theluji ya kilele cha Kibo.

Usinicheke bado. Shuleni fasihi nilifaulu vizuri. Tulifundishwa kwamba katika hadithi nyeupe ni usafi na amani, nyeusi ni huzuni na uovu, nyekundu ni damu na hatari. Mwalimu hakukosea, alikuwa anatueleza jinsi waandishi fulani walivyozitumia. Mimi ndiye niliyechukua maelezo nikayafanya amri. Nilimpenda Anaeli, basi nikamvisha rangi ya wema, kana kwamba wema hakuwa nao.

Shuka ilipoondolewa, watu wote uani walinyoosha shingo. Shangazi yake, mwanamke wa maneno, akasogea. Akaitazama picha, akamtazama Anaeli, akarudi kwenye picha.

"Mkwe," akasema, "na huyu mahari yake utaipeleka wapi? Kwao ni wapi?"

Watu wakacheka.

"Ni Anaeli, shangazi."

"Anaeli yupi? Wetu ndiye huyu anayekumiminia pombe ya mbege. Huyo wako usimwanike juani, atayeyuka. Si umeandika mwenyewe kwamba ni theluji?"

Nami nikacheka, maana kijana akichekwa ukweni hana pengine pa kwenda. Bibi yake Anaeli hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya ndizi za supu ya mtori, na hakuacha kumenya alipoanza kusema nami.

"Baba, sisi huku tunaishi kwa mvua. Wingu jeupe limewahi kukunyeshea?"

"Hapana, bibi."

"Basi usimwombee mjukuu wangu weupe."

Nililisikia neno hilo kwa masikio, likaishia hapo. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kilichoniuma baadaye ni kwamba guu lililovunjika halikuwa langu.

Wakati wa kuagana Anaeli alinisindikiza hadi njiani. Akaniuliza, "Ndivyo unavyoniona?"

Nikamjibu, "Ndivyo ninavyokupenda." Nililiona jibu zuri sana. Nilitembea nalo njia nzima ya kushuka mjini, nikitabasamu peke yangu.

Tulioana, tukapanga nyumba mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi, na picha nikaitundika sebuleni. Kila mgeni aliyeingia aliisifu. Haikupita miezi mingi, uso wa mke wangu ukaanza kubadilika. Mimi mtu wa rangi niliona mapema kuliko wengine. Na hapa, mwanangu, sitajificha: nilifurahi. Nilidhani ni afya ya ndoa. Hata mashavu yalipoanza kuwa mekundu, hata alipoanza kulikwepa jiko kwa sababu joto lilimchoma, sikuuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa nauangalia ufa na kuusifu.

Siku niliyotafuta ndoo ya kuoshea brashi, nyuma yake nikakuta chupa. Ilikuwa na mkorogo, yale madawa ya kuchubua ngozi yanayochanganywa na sabuni na mafuta. Nikaingia nayo ndani.

"Anaeli, hii ni nini?"

"Si unaiona."

"Kwa nini ujichome uso?"

"Nataka kufanana na mke wako."

"Mke wangu si wewe?"

"Mimi ni mpishi wake." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Mke ni yule pale. Wageni wakija wanamsifu yeye, mimi naenda kuwaletea chai."

Alisema bila kupaza sauti, huku anachambua mchele. 

Sisi Wachagga mtu akimkosea mwenzake hukata jani la sale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akampelekea kuomba msamaha. Aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata akiwa na hasira ya chui. Kesho yake nilipanda Machame, ambako na sisi tulikuwa na kihamba, nikakata sale, nikashuka nalo, nikampa kwa mikono miwili. Akaligeuza mkononi.

"Nimelipokea," akasema. "Sale halikataliwi. Lakini hili ni la kijani. Sasa katafute nyeusi yangu."

Nikadhani ni kazi ndogo. Nikaishusha ile picha, nikachukua ubao mwingine, nikafungua kopo la rangi nyeusi, nikapaka. Anaeli akaja kutazama.

"Hiyo ni sufuria," akasema, akaenda zake.

Alikuwa amesema kweli. Nyeusi ya kopo ilikuwa masizi matupu. Ndipo nikamwomba akae karibu na dirisha, nami kwa mara ya kwanza nikamtazama. Nilikuwa nimechora nyuso nyingi za mabango, wala sikuwa nimewahi kumtazama mtu. Asubuhi weusi wake ulikuwa na ubluu kwenye paji la uso. Mchana ulikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa ikaiva barabara. Jua likishuka, shingoni ulitoka wekundu ambao sijui jina lake. Nikajifunza kuchanganya bluu, nyekundu na kahawia, lile kopo jeusi nikaliacha na kifuniko chake. Nilifuta, nikarudia, nikafuta tena. Yeye alikaa, wakati mwingine akisinzia, wakati mwingine akinitania kwamba bango la kinyozi halichukui muda hivi.

Mkorogo alikuwa ameuacha. Ngozi ikarudi polepole, ila mabaka mawili mashavuni hayakurudi. Nilipofika mashavuni, brashi ikasimama. Nilitaka kuyapita, nimpe uso mzima.

"Chora na hayo," akasema.

"Anaeli, haya si yako."

"Najua si yangu. Ndiyo maana nasema uyachore wewe."

Nikayachora. Sijawahi kuchora kitu kigumu kama hicho, wala sijachora tena.

Picha hiyo ndiyo iliyobaki ukutani kwetu. Binti yetu alizaliwa mweusi kama mama yake. Alipokuwa mdogo alisimama mbele ya picha akauliza kwa nini yeye hana mabaka. Mama yake akamjibu, "Wewe hujakosewa." Leo ni mtu mzima, anafundisha watoto kuchora, na nimemsikia akiwaambia watazame kwanza ndipo wachovye brashi. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye akilelewa vizuri anaweza kuwasaidia wazee wake.

Basi nikuusie, mwanangu unayesoma fasihi, au unayechora, au unayemwandikia mtu shairi. Ukitaka kusema nyeupe ni amani, sema, lakini kwanza uliza ni amani ya nani. Majirani zetu Waislamu humzika mtu wao kwa nyeupe. Binti wa Kihindi wa duka la vitambaa aliolewa kwa nyekundu, na mkulima wa mlimani akiona nyekundu kwenye mti wa kahawa hakimbii hatari, anachukua kikapu. Isikilize na lugha yako. Kijani imetoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye majivu. Nyeusi, nyeupe na nyekundu peke yake hazikuazima jina kwa kitu chochote, na nadhani ndiyo sababu kila mtu anazitundikia analolitaka. Wewe usizitundikie uovu kwa sababu mwingine aliutundika kabla yako. Na umpendaye usimsifu kwa rangi isiyo yake, maana atakuamini, na kukuamini kwake kutamgharimu.

Mungu akupe jicho la kutazama na moyo wa kungoja. Akupe na mkono wa kurekebisha ulipokosea, maana kuteleza si kuanguka. Na kila utakayemchora au kumwandika, akiona kazi yako, ajitambue, akae karibu nayo bila haya.