Mota za Zuhura na Maua ya Bi Chausiku

Zuhura binti Pazi hatupi printa. Ikimfia mkononi anaifungua, anaitoa matumbo, na matumbo hayo anayahifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga chini ya meza yake ya steshenari, pale Msamvu, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani. Mchana anatoa kopi vyeti vya watu, anachapa barua za kuombea kazi, anavalisha vitambulisho plastiki. Wateja wakipungua anavuta kopo, anachagua mota, anaanza. Majirani wanasema anacheza. Naye huwaacha waseme, maana ukianza kumweleza mtu jambo asilolitaka utamaliza mate bure.

Shule yake ni darasa la saba la Mlali, basi. Haya ya saketi aliyapata kwenye simu, kwa kutazama video za watu wa mbali wanaozungumza lugha asiyoielewa vizuri. Maneno aliyaacha yapite, akawa anatazama mikono yao. Mkono wa mtu ukishika waya mwekundu, na yeye anashika mwekundu.

Mota za printa si kama mota ya feni. Ya feni ukiipa umeme inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, mpaka uinyime. Hizi zinaitwa stepa, na mwendo wake ni wa mwali anayetolewa nje: hatua, anatua, hatua, anatua. Ukiiambia hatua kumi itakwenda kumi na kusimama hapo hapo, hata uisukume. Lakini haijui kupokea amri yenyewe. Amri inatoka kwenye ubao mdogo wenye ubongo, ambao sauti yake ni nyembamba mno, haitikisi mota hata kidogo. Kwa hiyo katikati anakaa mshenga, kijibao kinachoitwa draiva: anapokea neno dogo upande huu, analifikisha upande wa pili kwa nguvu za betri. Mshenga akiharibika hakuna ndoa.

Fundi redio wa kibanda cha pili, Castory, ndiye aliyekuwa akimtania kuliko wote. Siku moja alimkuta Zuhura ameunganisha nyaya za mota mbili mbili, kisha anazungusha kimhimili chake kwa vidole, anaachanisha, anaunganisha nyingine.

"Unawafanyia nini hao, dada Zuhura?"

"Natafuta mke na mume. Nyaya zipo nne. Ukiunganisha mbili na mota ikawa nzito kuzunguka, hao ni mke na mume."

"Na ikizunguka kirahisi?"

"Hao majirani tu, kama mimi na wewe."

Castory akarudi kwenye redio zake.

Sasa, mama yake Zuhura ni Bi Chausiku wa Mlali, na huyo hahitaji kutambulishwa kwa wanawake wanaodarizi. Walikuwa wakimletea mashuka meupe na vitambaa vya makochi kutoka Mzumbe, Kihonda, hata milimani juu, naye anawachorea maua kwa penseli, bila karatasi ya kunakilia wala kielelezo. Anainama, mkono unatembea, ua linatokea. Wao wanakwenda kujaza nyuzi. Katika nyumba yake ilikuwa desturi kwamba hakuna binti wa lukolo lao, yaani ukoo wa upande wa mama, anayekwenda kwa mume bila shuka lililochorwa na Bi Chausiku. Alimchorea Pili, binti yake mkubwa. Alimchorea Zuhura, ingawa ndoa ya Zuhura haikukaa. Wapwa zake wote aliwachorea.

Pili alifariki akaacha mtoto wa kike, Sabra, na Sabra alilelewa na bibi yake. Posa ilipokuja, ya kijana wa Turiani mwenye shamba la mpunga, Bi Chausiku alikwenda sokoni mwenyewe kuchagua kitambaa cheupe. Hakuwahi kukigusa kwa penseli. Kiharusi kilimjia asubuhi moja akiwa anachota unga, kikamwacha na akili yake yote na ulimi wake wote, lakini mkono wa kulia kikauchukua. Ukawa unainuka kidogo na kusukuma kidogo, vidole havikamati.

Ndoa ilipangwa baada ya Idi. Ndugu wakasema atafutwe mchoraji mwingine, mjini wapo. Bi Chausiku akawajibu kwamba Sabra ataondoka na shuka lililochorwa na mkono wake, au shuka libaki humu ndani na yeye afuatane nalo kaburini. Kitambaa kikakaa mchagoni pa kitanda chake kimekunjwa, na kila aliyeingia kumjulia hali alikiona.

Zuhura ndiye aliyepaswa kurithi kazi ile, na hakuirithi. Utotoni alipewa penseli, akachora, mama yake akatazama, akauliza, "Hili ni ua au ni mguu wa kuku?" Hakupewa tena. Kwa hiyo jambo hili lilimkaa mahali pabaya. Mkono wa mama unazimika, na bintiye pekee aliyebaki ni huyu wa miguu ya kuku.

Akaamua kutengeneza mashine ya kuchora. Alipata mabaki ya mbao za mtiki kwa fundi seremala, akapiga fremu ya kulalia juu ya kitambaa. Vyuma vya kutelezea na mikanda akavitoa kwenye printa. Mota moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya kwenda mbele na nyuma, na penseli ya fundi cherehani katikati. Kisha akatoa sandukuni shuka la marehemu Pili, ambalo lilikuwa limehifadhiwa kwake, akalipiga picha lile ua kubwa la katikati, akalifuata mstari kwa mstari kwenye kompyuta ya steshenari mpaka likageuka kuwa namba. Akazipa namba mashine. Mara ya kwanza penseli ilikwama, kwa sababu draiva alikuwa anapeleka umeme mdogo na mota ikawa inaruka hatua. Kuna skrubu ndogo sana mgongoni mwa draiva, ya kuongezea umeme huo. Akaigeuza kidogo, na mashine ikachora ua la Bi Chausiku lote, kisha ikachora jingine pembeni, na jingine, kitambaa kizima cha majaribio.

Castory aliposogea kutazama hakutania. Alisema tu, "Mama atalia."

Zuhura akapeleka kile kitambaa Mlali. Akamwamkia mama yake, akaitikiwa, akakitandaza juu ya kitanda. Bi Chausiku alikipapasa kwa mkono wa kushoto, polepole, ua la kwanza, la pili. Alipofika la tatu akarudi la kwanza. Kidole chake kikasimama kwenye jani moja lililopinda ncha kuelekea chini.

"Hili nani kalichora?"

Kila mtu wa nyumba ile alijua, na Zuhura alijua, ila zile namba zilimpofua. Mama yake hakuwahi kumaliza ua kubwa la shuka la harusi. Jani moja aliliacha wazi, na mwali mwenyewe alilichora siku ya mwisho kabla ya kutoka, kwa mkono wake, liwe zuri liwe baya. Bi Chausiku alikuwa na neno lake: ua nikilimaliza mimi, yeye huko aendako atamaliza nini? Zuhura alinakili shuka lililokwisha kudariziwa. Jani lile lililopinda lilikuwa la Pili.

"Marehemu alilichora hili mara moja," Bi Chausiku alisema. "Wewe umemchorisha mara ngapi?"

Hakupandisha sauti. Akamwambia akikunje, akiweke mbali na macho ya Sabra, na asimletee mtoto wa watu ua lisilo na nafasi yake. Mashine yako inajua sana, alisema, imejua mpaka ya wengine.

Zuhura alikaa kibarazani kwa muda, hasira na haya vimechanganyika. Ndani mama yake akawasha redio. Ilikuwa inakoroma. Sabra alitaka kuingia kumtafutia stesheni, bibi akamfukuza: "Niache, mke mwenzangu, wewe unairukia, mimi naitongoza." Zuhura akachungulia mlangoni. Mama yake alikuwa ameiweka redio mapajani. Kwa kiganja cha kulia, kile kilichokufa, aliisukuma isiteleze, akiirudisha kila inapohama. Kwa vidole vya kushoto alizungusha kifundo kidogo mno, akarudisha nyuma, akangoja, akaongeza kama unywele. Mkono ule ulikuwa unatetemeka, na bado sauti ya msomaji wa habari ikatoka safi.

Zuhura akaaga jioni hiyo hiyo.

Kesho yake alimwomba Castory volyumu mbili za redio mbovu, vile vifundo vya kuzungushia sauti. Castory akamuuliza za nini, akaambiwa, akatikisa kichwa. Kwa maoni yake huko kulikuwa kurudi nyuma: mashine inajichorea yenyewe, sasa unaifunga kamba ishikwe na mgonjwa? Zuhura akamwambia aendelee na kazi yake. Alifuta ua lote kwenye ule ubao wenye ubongo. Akauagiza upya: utazame volyumu hizi mbili, ya kushoto ikizungushwa penseli iende kushoto na kulia, ya kulia ikizungushwa iende mbele na nyuma. Na kabla ya kusogea, uangalie volyumu mara nyingi, uchukue wastani wake. Mtetemo huwa unakwenda huku na kurudi, kwa hiyo ukichukua wastani unajifuta wenyewe, na kinachobaki ni kule mtu anakotaka kwenda. Volyumu ya kulia akaivalisha kifuniko kipana cha kopo la maziwa, ili kiganja kisichokamata kiweze kusukuma ukingo wake.

Haraka ikamponza. Mota moja ilikuwa inazunguka kinyume, akataka kubadilisha nyaya zake, akaichomoa wakati betri bado imeunganishwa. Kila anayefanya kazi hii anaambiwa jambo hilo siku ya kwanza: usiiachanishe mota na draiva umeme ukiwa ndani. Draiva alitoa kijimoshi chembamba na harufu, ukawa mwisho wake. Hakuwa na mwingine. Ikabidi aagizwe Kariakoo, aje kwa basi, na Idi ilikuwa imeshapita. Siku zile aliulizwa na Castory kama mashine imepona, akamwonyesha draiva aliyeungua. Castory naye akaacha kuuliza, akawa anakwenda yeye stendi kutazama mzigo.

Ulipofika, Zuhura aliifungasha mashine na betri ya pikipiki, akaenda Mlali. Mama yake alipoona fremu akageuza uso.

"Ile ile?"

"Hii haijui kitu, mama. Haina ua hata moja ndani. Usipoigusa itakaa hapo mpaka mvua."

Bi Chausiku alitazama vile vifundo. Udadisi ni kitu kibaya kwa fundi. Akasogezwa, akawekewa kitambaa kikuukuu, kiganja cha kulia kikawekwa ukingoni mwa kifuniko. Mstari wa kwanza ulikwenda kama njia ya panya. Wa pili ukatoka nje ya kitambaa. Akaitukana mashine, akamtukana aliyeitengeneza, na baba yake aliyemzaa akapata fungu lake. Sabra akacheka mpaka akatoka nje. Lakini alipoambiwa apumzike akakataa. Siku hiyo hakupata ua. Zuhura akafunga steshenari yake na kulala Mlali, akawa anaubadilishia ubao amri zake, anapunguza mwendo, anaongeza, kwa amri ya mama yake, ambaye alianza kusema "penseli inachelewa kunisikia," na mara nyingine, "sasa inanisikia kabla sijasema."

Lilipotoka ua halikuwa kama ya zamani. Ya zamani yalikuwa na majani membamba yenye ncha. Hili lilikuwa pana na la duara, na mistari yake ilikwenda pole kama mtu anayeshuka mlima na mzigo. Bi Chausiku alilifuata kwa kidole cha kushoto.

"Limezeeka," akasema. "Leteni kitambaa cha mwanangu."

Alichora shuka la Sabra kwa siku kadhaa, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na hakumruhusu Zuhura kugusa chochote isipokuwa betri. Kifuniko cha kulia kilimchosha zaidi. Ikabidi kila jani apumzike, jasho linamtoka. Jani moja la ua kubwa akaliacha. Siku ya mwisho Sabra alipiga magoti kando ya kitanda, akalichora kwa penseli, likatoka nene, halina adabu. Bibi akamwambia ndiyo hivyo hivyo, akazoee. Wanawake wa lukolo wakagawana pembe na nyuzi, wakadarizi mchana kutwa, wengine wakiuliza mbona maua ya safari hii ni mapana, yanakula uzi.

Wakwe walipokuja kumchukua Sabra, shuka lilitandazwa mbele yao kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa Turiani mwenye jicho la kazi, alipitisha mkono juu ya ua kubwa. Alikuwa amesikia kwamba mwenye nyumba aliumwa. Akauliza kwa heshima ni nani aliyechora.

Zuhura alikuwa amekaa karibu na mlango. Akatazama sakafu.

"Mimi," Bi Chausiku akasema.

Shangazi akainama kidogo, akalikunja shuka mwenyewe, akaliweka juu ya mizigo mingine yote, na wakaondoka na mwali wao.

Watu walipopungua Zuhura akaanza kufungua fremu ili airudishe mjini. Mama yake akamuuliza anafanya nini. Kabla hajajibiwa, Bi Chausiku akasema kuna mwanamke wa Mzumbe ameleta vitambaa vya makochi, seti nzima, anavitaka kabla ya mavuno, na kwamba ile mota ya mbele na nyuma inapiga kelele kama bata, itafutiwe mafuta.