Mia Moja na Nne kwa Mia

Mimi ni mtu wa haraka, na hilo lilinifanya niwe mwalimu mbaya bila kujua. Katika darasa langu la programu za kompyuta pale Biharamulo, mwanafunzi akisema tu, "Mwalimu, inakataa," nilikuwa nimeshainama mezani kwake, nimebonyeza vitufe vitatu, kazi imekwisha. Walinipenda sana. Nami nilivimba kichwa.

Kisha ikaja barua ya uhamisho: muhula ukiisha niende Ngara, shule ya upande wa Nyakisasa. Mwalimu wa kulipokea darasa langu hakuwepo. Nilikosa raha kabisa. Wanafunzi wangu wangebaki na kompyuta wanazozijua kupitia vidole vyangu.

Wiki hiyohiyo niliandika ubaoni programu ya kutafuta wastani wa alama za masomo manne. Kwa pupa yangu, nikagawanya kwa tatu. Darasa zima likanakili, likaenda kwenye mashine, na kila skrini ikaonyesha 104. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Jamani, nani kati yenu amewahi kupata mia moja na nne kwa mia?"

Nikapita nikiangalia madaftari. Binti mmoja wa kutoka Nyamahanga, mpole, anayekaa nyuma, alikuwa ameandika nne pembeni kwa penseli, ndogo kama chawa. Kwenye kompyuta yake, tatu.

"Uliona kosa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusahihisha?"

Akatazama sakafu. "Ile ya ubaoni ni yako, mwalimu. Nyumbani mkubwa akikosea, tunanyamaza."

Sikukasirika. Niliona aibu, maana heshima hiyo ndiyo niliyokuwa nikiidai kila siku. Nikampa chaki, nikamwomba aende ubaoni anisahihishe. Alifuta ile tatu taratibu, akiniangalia kila mara, kana kwamba ningebadili mawazo. Wote wakarekebisha, mashine zikatoa 78, naye akacheka huku ameziba mdomo.

Tangu siku hiyo nilijilazimisha kuuliza tu: "Wewe unadhani ni wapi?" Ilinitesa. Kuna mwanafunzi alilia, akasema siku hizi nimewachoka, ikabidi nitoke kwanza nje nisije nikamwonea huruma nikamfanyia. Nilikuwa nawapenda kuliko walivyodhani, na kuwaacha wahangaike kuliniuma kuliko walivyoumia wao.

Siku ya mwisho nilikuja na hotuba ya kuaga niliyoiandika kwa makini, ukurasa mzima. Mlangoni nikasikia kelele. Programu yao ilikuwa imegoma, na wenzake watatu walikuwa wakibishana na yule binti wa Nyamahanga mbele ya skrini moja. Kutoka pale niliposimama nililiona kosa, mstari wa pili kutoka chini. Nikapiga hatua moja kuingia.

Binti akageuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Tunaomba utusubiri nje kidogo. Tukishindwa tutakuita."

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Nilisubiri kipindi kizima nikiwa nimeshika hotuba yangu. Hawakuniita. Niliposikia wanapiga makofi na kushangilia ndani, nililia pale pale kwenye ngazi, nami sioni haya kulisema.