Ukaguzi wa Mikono Fenbrook

Tangu wachawi waanze kukamatwa Massachusetts, Mehitabel Tarbox hakupata usingizi wa maana. Akikutana na jirani humtabasamia kwanza, halafu njia nzima anajiuliza kama ametabasamu kupita kiasi.

Sasa malai ya jirani yake, Dorcas Pell, yalikuwa yamegoma. Siku tatu anasukasuka mtungi, siagi haionekani. Dorcas akafanya kama walivyofanya bibi zake: akachoma kiatu cha chuma cha farasi mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza mtungini. Kila mtu Fenbrook alijua maana yake. Aliyeiroga siagi angeungua papo hapo, popote alipo. Kilichobaki ni kumtafuta mwenye jeraha.

Asubuhi yake Shemasi Jabez Lunt akawaita wanawake wote kwenye nyumba ya ibada, wakaguliwe mikono. Mehitabel akaanza kutafuta glavu. Binti yake Keziah alikuwa ameungua kiganja juzi, akitoa mikate tanurini.

"Mama, si niseme tu ni tanuri?"

"Sema, uone kama hujalala jela. Vaa glavu, ufunge mdomo."

Mlangoni tu, Dorcas akawaona. "Ehe! Mama Keziah, mbona mwanao kavaa glavu ndani? Aanze yeye!"

Watu wakageuka. Mdomo wa Mehitabel ukamtangulia. "Aanze yeye? Sisi wa benchi la nyuma? Lini tumewahi kumtangulia Bi Prudence humu ndani?"

Hapo aliwapata. Viti vya ibada viligawiwa kwa heshima ya mtu, na Bi Prudence, mke wa shemasi, aliwahi kumnunia mwenzake mwaka mzima kwa kumtangulia tu kutoka mlangoni.

"Naanza mimi, bila shaka," akasema Bi Prudence, akavua glavu kwa maringo.

Majeraha matano. Moja bado lina malengelenge.

"Uji," akasema. "Ulifurika."

"Mara tano?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Shemasi alikohoa mpaka akaiva uso. Kisha akatangaza kwamba majeraha ya jikoni hayahesabiki. Wa pili alikuwa na la kikaango, wa tatu la nta ya mishumaa. Zamu ya Keziah ilipofika, shemasi alikuwa anapunga mkono tu: "Tanuri, tanuri. Pita."

Lakini siagi haiwezi kujiroga yenyewe. Shemasi akakuna kidevu, akaamua: mchawi yuko Marlow, ng'ambo ya mto. Kesho angepeleka barua, wanawake wa huko nao wakaguliwe. Watu wakashangilia. Dorcas akamkumbatia Mehitabel: "Shoga, nilijua tu si wa kwetu!"

Mehitabel alikuwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani na Keziah, anacheka peke yake, alipokumbuka kwamba mdogo wake ameolewa Marlow, na anaoka mikate kila siku.

"Keziah! Kimbia kwa mama yako mdogo kabla ya hiyo barua. Mwambie akakae nyuma kabisa, na asikubali kuanza mpaka aanze mke wa mchungaji!"