Pampu Isiyomtangaza Mama Mkwe

Wewe unayeoga ukijigeuzageuza chini ya shawa, ukitafuta tone litakalofika mgongoni, nisikilize kidogo. Tatizo lako lina dawa, tena si ngumu. Mimi niliijua baada ya kukosea, na huna haja ya kurudia makosa yangu.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Mimi hufundisha fizikia Juja, na likizo ile nilishinda nyumbani kwetu Ruiru. Mke wangu alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kazini Thika, akirudi jioni. Ndipo mama yake alipokuja kukaa nasi. Alikuwa amepasuliwa goti, na kliniki ya kunyoosha viungo ilikuwa karibu na kwetu kuliko kwake, ng'ambo ya Thika, anakoishi peke yake. Hakuweza kuinama kwenye beseni, kwa hiyo tulimwekea kiti cha plastiki bafuni, chini ya shawa ya umeme, tukadhani tumemaliza.

Shawa ya aina hiyo haiwaki mpaka maji yaisukume. Yetu yalichuruzika tu, yakatoka baridi, na baridi ya Ruiru mwezi wa nane si ya kuchezea. Ilibaki kuchemsha maji jikoni na kumpelekea kwa ndoo. Mchana, mtu wa kubeba ndoo hiyo ningekuwa mimi.

Kama wewe ni wa huku kwetu, umeshaelewa. Mwanamume hampelekei mama mkwe maji ya kuoga. Hata kujua saa anayooga ni aibu kwa wote wawili. Tulikuwa tukisalimiana kwa heshima, yeye akitazama mlango, mimi nikitazama kikombe changu cha chai.

Jumanne jioni mke wangu aliniambia jikoni, "Mama anarudi kwake Jumamosi."

"Na kliniki?"

"Anasema goti litajijua."

"Kwani nani amemkosea?"

"Hakuna. Lakini tangu aje hajaoga, ni kujipangusa tu. Ananingoja mimi, na nikifika ameshalala kwa baridi. Ama ulitaka akuitishe wewe maji?"

Daktari alikuwa amesema goti lisiponyooshwa mapema litakauka likiwa limepinda. Nilikuwa na siku tatu.

Jumatano nilianza na jambo rahisi, na wewe uanzie hapo. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nilifungua kichwa cha shawa nikakuta matundu yamezibwa na ukoko mweupe. Nikakiloweka kwenye siki hadi adhuhuri, nikakisugua kwa mswaki mzee. Maji yaliongezeka kidogo, lakini shawa haikuwaka. Nikamwita fundi wa mabomba kutoka mtaa wa Githurai 45. Alifungua maji, akayatazama, akanitazama.

"Mwalimu, hii ni shawa ama ni machozi?"

"Usinicheke, bwana. Nisaidie."

"Si wewe ndio wa fizikia? Tangi lako liko wapi?"

Nilitazama juu nikaona haya. Tangi letu limekalia slabu, yaani paa bapa la zege, futi chache tu juu ya kichwa cha shawa. Maji yanayoshuka hupata nguvu kutokana na kimo cha tangi, na sisi kimo hatukuwa nacho. Ndiyo maana mfereji wa uani, ulio chini kabisa, ulitoa maji vizuri. Tiba ilikuwa pampu ndogo ya kuvuta maji kutoka kwenye tangi na kuyasukuma bafuni, inayojiwasha ukifungua maji. Fundi alinionya nisiiunge kwenye bomba la mji, linalotujazia tangi kisima kikipungua: ingewanyonya majirani maji, na siku ya mgao wa maji ingenyonya hewa iungue.

"Tuiweke nje, nyuma ya jikoni," akasema.

"Iibwe? Weka hapa stoo."

"Hii kitu hupiga kelele, mwalimu."

"Kelele haiibi."

Stoo yetu imepakana na sebule. Alhamisi pampu ikafungwa, na fundi wa umeme akahakikisha waya wa ardhi, unaozuia mtu kupigwa na umeme, umeungwa. Maji yalipiga sakafu kwa kishindo, mvuke ukajaa. Nilijisifu hadi usiku.

Ijumaa asubuhi nilikuwa sebuleni nikisoma gazeti. Mama alipita na fimbo yake, akafunga mlango wa bafu. Mara pampu ikanguruma nyuma ya kichwa changu, kama posho mili ya kusaga mahindi. Ikazimika papo hapo. Mama akatoka, taulo kavu begani, akapita bila kunitazama. Punde simu ikalia: mke wangu, kutoka Thika.

"Amenipigia. Anasema mashine yako inamtangaza kama gari la mkutano wa injili. 'Mkwe wangu ameketi pale anasikia nikifungua maji!' Na mkoba ameshaufunga."

Nikampigia fundi.

"Nilikuambia nini?" akasema huku akicheka.

"Uliniambia. Lakini sasa mama mkwe ataondoka bila kuoga."

Akaacha kucheka. "Hayo ni maneno mengine. Hata wangu hangeoga. Nakuja."

Tuliihamisha nyuma ya jikoni, mbali na sebule. Chini tukaweka tabaka mbili za mpira wa tairi. Kila upande tukaunga paipu laini inayopinda, ili mtetemo usipande ukutani. Fundi akaunga bomba pana zaidi kutoka kwenye tangi, pampu isihangaike kuvuta. Juu tukajenga kibanda cha mabati chenye kufuli. Kazi iliisha jioni.

Jumamosi nilikuwa sebuleni tena. Sikusikia kitu. Nilijua tu pale Mama alipotoka akinukia sabuni, kitambaa kipya kichwani, akaketi mkabala nami na kunitazama usoni.

"Baba, Jumatatu kliniki hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili, Mama."

"Basi mwambie huyo msichana wangu arudishe mkoba chumbani."

Kwa hiyo, kabla ya kukaza bolti za pampu yako, mwambie mtu afungue shawa, wewe uende uketi mahali wageni wako huketi. Ukiisikia, ihamishe.