Neno Moja Lenye Ncha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkuu wa wakalimani alinikalisha ofisini kwake, katika hospitali moja ya ughaibuni, si mbali na mtaa wa Columbia Heights. Alikuwa mama wa Mombasa, mpole wa sauti, mkali wa macho.

"Daktari akisema kumi, usiseme tisa," aliniambia. "Na ukikosea, sahihisha papo hapo, mbele ya mgonjwa."

Niliitikia. Tanzania nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, nikidhani lugha hiyo naijua.

Mwezi wangu wa pili kazini nilipangiwa chumba cha picha za matiti. Mgonjwa alikuwa mama wa Kikongo kutoka milima ya Kivu, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee kule kitongoji cha Oxon Hill. Daktari alituonyesha alama nyeupe kwenye picha, akasema ni uvimbe ambao kingo zake ni spiculated. Afadhali wakate kipande kidogo cha nyama wakipime wiki hiyohiyo. Mimi nikasikia speckled. Nikamwambia mama ana uvimbe wa madoadoa.

Uso wake ukalegea. "Kama ni madoadoa tu, nitarudia hapa kisha ya Noeli. Niko natumika kazi kila siku."

Nilipomfikishia daktari maneno hayo, alinikodolea macho. Nikajua nimeharibu. Ningeweza kupitisha kimyakimya, nikasisitiza tu kwamba jambo ni la haraka. Badala yake nikasema kwa lugha zote mbili, nikijitaja kama tulivyofundishwa: "Mkalimani amekosea, anaomba kusahihisha." Kisha nikamwuliza daktari maana ya neno lile. Akachora duara kwenye karatasi, na vimstari vyenye ncha vikichomoza pande zote.

Mama aliitazama karatasi. "Iko kama suke ya ngano," akasema taratibu. "Zile miiba yake." Halafu akauliza, "Ni mbaya?"

"Inaweza kuwa mbaya," daktari akajibu, nami nikasema vilevile.

"Basi wakate. Nitasema na shefu wangu wa kazi."

Alasiri nilikwenda kwa mkuu nikitarajia kufukuzwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua kamusi nene. Neno lile lilitoka kwenye Kilatini: spiculum, ncha ndogo, kama ya mshale au mwiba wa nyuki. Nalo lilizaliwa na spica, yaani suke la nafaka.

"Huyo mama hajapita kwenye Kilatini," mkuu akasema, "na amefika kabla yetu."

Hakunifukuza. Aliniagiza niandike kwenye daftari la maneno la kitengo: wenye ncha, kama suke la ngano.

Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Nilimkalimania mama yule hadi upasuaji, na hadi siku daktari alipomwambia amepona.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoingia kazini huniuliza nilijifunza wapi istilahi, yale maneno ya kitaalamu. Nawatajia kamusi, maana bila hizo hakuna kazi. Lakini ninayemheshimu zaidi ni yule mama, aliyekuwa akipokea habari nzito kuliko zote maishani mwake, na bado akanitafutia neno.